Mguu wa Badri

Tangu mkewe Manana afariki, Badri alikuwa akisubiri jambo moja tu, wala hakumwambia mtu. Alisubiri kuona kama mwaka huu wataendelea kumwachia yeye kazi ya kufungua mwaka.

Kwetu Georgia, anayevuka kizingiti wa kwanza asubuhi ya Mwaka Mpya ndiye anayeingia na mwaka wenyewe. Akiwa na mguu wa heri, nyumba inaneemeka. Akiwa na kisirani, mtalia mpaka mwaka uishe. Watu husema huu si ushirikina, ni tahadhari tu, na wanaosema hivyo ndio waoga kuliko wote. Katika nyumba ile ya mbao ambayo familia ilikodi kule milimani Bakuriani kila likizo ya baridi, mguu ulikuwa wa Badri siku zote. Mwaka jana pia alifungua yeye. Machi mkewe akaanza kukonda, Septemba wakamzika. Hakuna aliyesema neno, lakini kimya kingi kina mshindo, na Badri hakuwa kiziwi.

Safari hii walikuja wageni, Zurab na mkewe Lamara, kutoka Ujerumani. Hawa walikuwa marafiki wa Badri na Manana tangu ujana, enzi ambazo wote wanne waligawana mkate mmoja na kucheka. Wao walihama, wenzao wakabaki. Badri aliwapokea kituoni huku machozi yakimtoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, alijisemea. Hatimaye angepata watu wa kumtaja Manana mbele yao. Binti yake Natela hakutaka jina hilo litajwe. Natela alikuwa na mimba kubwa, baada ya mbili kuharibika, na nyumba nzima ilinyata ili asishtuke.

Jioni ya mkesha walikula bata mzinga kwa mchuzi wa kokwa za jozi. Zurab, aliyeendesha mabasi huko Ujerumani mpaka akastaafu, alizungumzia magoti yake. Lamara aliwaonyesha picha za jiko lake jipya, kabati kwa kabati. Badri alisubiri. Ilipofika zamu ya kuwanywea marehemu, Zurab aliinua glasi, akasema, "Kwa wote waliotutangulia," akanywa, kisha akanyoosha mkono kuchukua paja la bata. Manana akapita kwa jumla, bila jina. Badri alijisikia mpweke pale mezani kuliko alivyowahi kujisikia akiwa peke yake.

"Mjomba Zurab," Natela akasema, "kesho utufungulie mwaka wewe. Umetoka mbali, uje na baraka."

"Mimi? Mguu wenyewe una gauti!"

"Afadhali gauti kuliko..." Natela akaanza kukusanya sahani, watu wakiwa bado wanakula.

Badri alicheka kuwashinda wote. Moyoni alijua kwamba hukumu imeshatoka.

Asubuhi aliamka kabla ya wengine, kama kawaida yake. Jiko lilikuwa limezimika, na hakutaka mwanawe aamke kwenye baridi. Akavaa buti, akaenda bandani, akajaza mikono kuni. Alikuwa amerudi mpaka mlangoni, mguu mmoja hewani juu ya kizingiti, alipokumbuka kwamba hakuna aliyeingia bado. Wakati huohuo dirisha likafunguliwa kwa kishindo.

"Baba! Usiingie!"

"Sijaingia."

"Usikanyage hapo, Baba, nakuomba!"

"Nimesimama, mwanangu. Rudi ndani utapata baridi. Mwamshe mjomba wako."

Mlango ukasukumwa ukafungwa mbele ya pua yake. Ndani kukawa vurugu tupu. Sauti ya Lamara ilipenya ukutani: "Zurab! Amka wewe gogo, watu wanaganda nje!" Na Zurab: "Sasa suruali yangu iko wapi?" Mwishowe wakamsukuma nje na koti juu ya nguo za kulalia, mkononi sahani ya peremende za jozi na asali, wakafunga tena.

"Mambo gani haya, Badri? Wazee wazima tunafungiwa nje kama mbuzi!"

"Ndiyo mila yenu. Mmeisahau huko."

"Basi twende wote. Wewe tia wa kushoto, mimi wa kulia, tuone watafanya nini."

Badri hakucheka. "Zurab, niambie kweli. Ulikuwa mguu wangu?"

Zurab alielewa mara moja. "Ilikuwa saratani, ndugu yangu."

"Saratani naijua, nimelala nayo chumba kimoja. Nakuuliza mguu."

Zurab aliitazama sahani. Akapanga peremende moja iliyokuwa imekaa vizuri tu.

"Baridi kali leo," alisema.

Badri aliumia. Angependa kumkasirikia, lakini angeanzia wapi? Pale kizingitini, kabla Natela hajapiga kelele, mguu wake ulikuwa umesharudi nyuma wenyewe.

Zurab akabisha hodi. "Nani?" wakajibu kwa pamoja kutoka ndani, kwa furaha. Akafungua kinywa, akakifunga, akageuka.

"Inasemwaje?" alinong'ona. "Maneno yamenitoka."

Badri akasogea na kuni zake, akamwambia sikioni: "Natia mguu, Mungu awabariki."

"Natia mguu, Mungu awabariki!" Zurab akanguruma.

"Mguu ni wangu, nyayo ni za malaika."

"Mguu ni wangu, nyayo ni za malaika!"

Mlango ukafunguka, shangwe zikalipuka. Natela alikuwa mbele, mikono wazi, akilia na kucheka. "Asante, mjomba! Mguu wako uwe wa heri!" Wakamvuta ndani, naye hakugeuka nyuma. Mtu mmoja akaufunga mlango upesi, joto lisitoke.

Sasa hata Badri angeweza kuingia. Mwaka ulikuwa umeshafunguliwa, na mguu wa pili hauna uzito wowote, kila mtu analijua hilo. Akatua kuni mlangoni mahali watakapoziona. Zilitosha kwa siku nzima na nyingine zikabaki. Alisimama kidogo akisikiliza kama kuna atakayeuliza alipo.

Kisha akarudi bandani kuleta nyingine.