Pale Sauti ya Mama Ilipokatika

Sauti ya Mama ilikuwa inakatika palepale. Anasema polepole, kama mtu mwenye pini mdomoni: "Na wewe, fundi..." Kisha kimya.

Fundi ni Baba. Tangu tumzike Mama, kila akimaliza kushona nguo za watu huniomba nimwekee ile sauti kwenye kompyuta. Ikifika kwenye kimya, humalizia mwenyewe. Leo Mama alitaka kumwambia ale, kesho alitaka kumwambia asihuzunike. Na mimi, ninayejigamba mtaani kwamba hakuna ubeti unaonishinda, nilishindwa kumalizia mstari mmoja wa mama yangu.

Dada ndiye aliyemrekodi, kwa programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C. Kompyuta yake ikafa, likabaki faili tu kwenye flashi. Programu ya kulisoma nikaiandika mimi. Wote waliosikia walisema faili limeharibika. Nikakataa. Nikapima, nikakuta faili ni kubwa mara nyingi kuliko kile programu yangu ilichosoma. Mama yumo humu, nikasema. Nani anamzuia mlangoni?

Nikampigia Dada, nikafoka juu ya flashi, kompyuta na dunia nzima. Aliniacha niishiwe pumzi, ndipo akauliza nimelifungua vipi.

"Kwa r, herufi ya kusoma," nikasema.

"Kwa r tu? Haya bwana mshairi, umemsoma Mama kama barua."

Akanieleza. Faili la sauti si maandishi, ni namba tupu. Kimya hukaa katikati, kwenye mia moja ishirini na nane. Sauti ikipanda, namba huyumba mbali. Sasa kompyuta kama yetu, ukiiambia kwamba faili ni maandishi, ikikutana na namba ishirini na sita, alama ya zamani ya mwisho, hudhani maandishi yamekwisha, huacha kusoma. Mama akiongea kwa sauti ya chini, namba hazifiki huko. Hapo inapokatika, alipaza sauti.

Nikaongeza herufi b baada ya r, faili lisomwe kama lilivyo. Nikamwita Baba.

"Na wewe, fundi, usijifanye umelala, nakuona." Kisha Mama akacheka, lile cheko lake la kupiga paja, mpaka spika ikakwaruza.

"Sijalala," Baba akaiambia kompyuta.

Cheko likatulia. Tukamsikia Mama akivuta kiti, akihema, akikata kitambaa. Kisha kimya. Baba akasogeza sikio, akangoja. Mimi sikungoja, kwa kuwa safari hii programu ilikuwa imesoma faili lote.

"Endelea," akasema.

"Imeisha, Baba. Sasa imeisha kweli."

Akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake alipomaliza kazi alivuta kiti kama kawaida. Nikagusa kitufe cha kuwasha programu, akanishika mkono. Akaomba nimwekee ile ya zamani, inayokatika.