Kinasa Sauti cha Vitufe Sita

Nerima alifika dukani kwa Rajab hasira zikiwa zimeshampanda, maana njia nzima mdogo wake Wandera alikuwa amemshika kiwiko kama askari aliyekamata mwizi wa kuku. Mara mbili alimwambia, "Usinivute bwana. Nipe bega nishike mwenyewe." Mara mbili Wandera aliitikia sawa, kisha akaendelea kuvuta.

"Kalibu ssebo, bwana," akasema Rajab, aliyekuwa akiuza simu, redio na nyaya za kila aina pale Kansanga, Kampala, kando ya barabara ya Ggaba. "Huyu dada anataka nini?"

Alimwuliza Wandera. Nerima alijua kwa jinsi sauti ilivyompita ubavuni.

"Huyu dada ana mdomo," Nerima akajibu. "Anataka kinasa sauti cha kujifunzia lugha. Chenye vitufe vya kubonyeza, si kioo."

Nerima alikuwa msusi. Kwa miaka tisa alisuka nywele katika saluni ya Esperance, mama wa Kikongo, ng'ambo ya barabara hiyohiyo, na kwa miaka yote tisa hakujifunza Kiganda. Hakuona haja. Esperance na wasusi wenzake walizungumza Kiswahili, na mteja Mganda akija alitoa simu akamwonyesha picha: nataka hivi, urefu mpaka hapa. Nerima aliitikia kwa kichwa, akachukua kitana. Kisha presha ya macho ikamnyemelea, jicho la kushoto likatangulia, la kulia likafuata, na mwaka jana mwezi wa nane akaamka asubuhi hakuona hata dirisha. Mikono ilibaki. Alikuwa bado anagawa nywele kwa mistari iliyonyooka kuliko wenye macho. Lakini picha iliyo ndani ya simu haipapaswi. Esperance alimwambia bila kuzungukazunguka, kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Jifunze kusikia wateja. Siku utawasikia, kiti yako iko."

Mwalimu alikuwa amempata nyumba ya pili: Bi Jannat, aliyefundisha chekechea miaka mingi, mzaliwa wa moja ya zile familia za Waislamu ambazo wazee wao walitoka pwani na biashara zamani, wakaoa na kuzeeka Kampala. Bi Jannat alijitolea kumsomea masomo kwa sauti yake, neno la Kiswahili kwanza, la Kiganda baadaye. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alihifadhi juzuu kadhaa za Kurani kwa kusikiliza, alimweleza cha kutafuta. Kiwe na vitufe ambavyo kidole kinavitofautisha. Ukikizima kikumbuke ulipoishia. Kiweze kurudia sentensi moja mpaka uchoke wewe, kisichoke chenyewe. Kipunguze mwendo bila kuigeuza sauti kuwa ya zimwi. Na kinase sauti, ili ujisikie unavyokosea.

Rajab alimwekea mkononi simu pana. "Hii iko muzuri sana, nnyabo, mama. Kioo kubwa, picha mingi."

"Picha za nini?"

"Dada, simu ina kila kitu," Wandera akadakia. "Chukua simu tumalize."

Nerima aliipitisha kidole. Kioo kilikuwa laini kama sahani, hakuna pa kushika. Muziki ukafumuka kutoka pasipojulikana, naye hakujua pa kuuzimia. Akairudisha mezani. Cha pili kilikuwa chembamba, chenye kigurudumu kimoja katikati, na kila kitu kilichaguliwa kwa kutazama orodha kwenye kioo. Akakizima katikati ya wimbo, akakiwasha. Kikaanza upya wimbo wa kwanza.

"Hapana."

Rajab akashusha pumzi ndefu ili isikike. Akatoa cha tatu. Hiki kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, na vitufe sita vilivyoinuka, kimoja kina kipele katikati, na ubavuni swichi ya kusukuma. Nerima akauliza kipi ni kipi. Rajab akamkamata kidole ili akikandamize kwa nguvu.

"Niambie kwa mdomo. Usinishike."

"Haya, haya. Ya pembeni ni ya kurekodi."

Akaisukuma swichi, akasema polepole, "Moja, mbili, tatu." Wakati akipapasa vitufe vilivyobaki, wanaume wale wawili walianza kuongea Kiganda juu ya kichwa chake, haraka haraka, kisha wakacheka. Kicheko cha Wandera alikijua tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Mnacheka nini?"

"Hakuna, dada. Tunaulizana bei tu."

Alitoa pesa zake mwenyewe kwenye kibindo, akalipa, akatoka akiwa amelishika bega la Wandera kwa vidole vilivyokaza.

Wandera alipomfikisha nyumbani alirudi kazini, kwenye duka la saruji na mabati. Nerima akaketi kitandani, akavaa visikilizio, akabonyeza kitufe chenye kipele. Moja, mbili, tatu. Kisha sauti za wanaume. Kumbe hakuirudisha swichi, na kinasa sauti kilikuwa kimeyameza mazungumzo yote mpaka nje ya duka.

Nusura ayafute. Halafu akafikiri: hiki si ndicho Kiganda kinavyosemwa na watu, cha mbio, bila kumhurumia msikilizaji? Ndivyo wateja watakavyosema. Akaichagua sentensi moja ya Wandera kwa sababu sauti yake ilisikika vizuri zaidi. Akabonyeza mwanzo wake, akabonyeza mwisho wake, ikawa inazunguka. Akapunguza mwendo. Akaikata vipande, akaviunganisha, akajirekodi, akajilinganisha. Alikaa na maneno yale saa nzima na zaidi, na kadiri ulimi ulivyolainika ndivyo hasira ya asubuhi ilivyoshuka. Miaka tisa hakuwahi kutamka sentensi nzima ya Kiganda. Sasa alikuwa nayo.

Akafuata ukuta kwa mkono mpaka kwa Bi Jannat, aliyekuwa kizingitini akichambua mchele.

"Mwalimu, nisikilize," akasema, akisimama wima kama mtoto wa shule. "Ajja kuddayo ewaabwe omwezi guno. Tannakimanya."

Mchele ukaacha kusugua ungo.

"Nimekosea wapi?"

"Hukukosea," Bi Jannat akasema taratibu. "Nani amekufundisha maneno haya, mwanangu?"

"Maana yake nini?"

"Keti kwanza."

"Nimesimama vizuri, Mwalimu. Maana yake nini?"

"'Atarudi kwao mwezi huu. Bado hajajua.'"

Nerima alivua visikilizio shingoni, akampa, akabonyeza mwanzo. Bi Jannat alisikiliza yote, akarudia sehemu moja, kisha akamfasiria bila kupunguza, maana aliona kwamba kupunguza kungekuwa tusi la pili. Rajab aliuliza kipofu anajifunza lugha ya nini. Wandera akamwambia ampe chochote kitakachomtuliza. Mama huko Busia ameshaarifiwa. Odyek, dereva wa lori la saruji, atampakia Jumapili pamoja na godoro lake. Rajab akauliza, basi Kiganda atawasemesha ng'ombe wa kwenu? Hapo ndipo walipocheka.

"Wote wawili?" Nerima akauliza, ingawa alijua.

"Wote wawili."

Wandera aliporudi jioni, alimkuta dada yake ameketi kwenye kiti kilichotazama mlango. Wandera hakuwahi hata kuvua viatu.

"Jumapili saa ngapi?" Nerima akamwuliza.

"Nini saa ngapi?"

"Lori."

Wandera akaanza kama watu wanavyoanza siku zote. "Dada, mimi nilikuwa nataka kukuambia..."

"Ulikuwa unataka. Umemwambia Mama. Umemwambia dereva. Umemwambia hata muuza redio, Wandera! Mtu wa kuuza nyaya amejua ninakolala wiki ijayo kabla yangu. Na umesema nikiwa nimesimama hapo, kinasa sauti kiko mkononi, na umecheka."

"Sikucheka kwa ubaya."

"Nionyeshe kicheko kizuri kinafananaje! Nani alikuleta Kampala? Chumba hiki nani alikitafuta? Ulifika na begi moja na kikohozi, nikakulaza kwenye godoro hilohilo unalotaka kulipakia."

Wandera naye akalipuka. "Na wewe unajua mimi naishi vipi? Wiki iliyopita nimekukuta katikati ya barabara, bodaboda zinakukwepa huku na huku! Niko kazini napima mabati, moyo uko hapa. Simu ikilia nafikiri wananiambia umekufa. Nimechoka, dada! Nimechoka kuogopa."

Ilikuwa kweli, na Nerima aliijua kuwa kweli, na ndiyo maana ilimkasirisha zaidi. Akasimama.

"Ungesema hivyo. Hivyo hivyo, kwa Kiswahili, usoni kwangu: dada, nimechoka, naogopa. Ningekusikia. Tungekaa, tungegombana, tungetafuta njia. Lakini wewe hukuniambia, umenipanga. Kama mfuko wa saruji."

"Basi tufanyeje?"

"Wewe fanya unachojua. Mimi siendi."

Siku mbili zilizofuata hawakusemezana zaidi ya chumvi na ndoo. Nerima alizitumia zote kwenye masomo ya Bi Jannat: fupisha, refusha, kaza, legeza, inauma, mbele, nyuma ya sikio. Alirudia mpaka maneno yakawa yanamjia akipiga mswaki. Hasira ilimsaidia. Kila alipotaka kulala aliikumbuka habari ya ng'ombe.

Jumapili asubuhi honi ikalia nje. Wandera alikuwa hajathubutu kumpigia Odyek kumzuia, au pengine alitumaini kwamba lori likishafika dada yake atalainika. Nerima akatangulia kutoka, akifuata mngurumo wa injini mpaka akagusa bati la moto.

"Umekuja kuchukua mzigo gani?" akauliza.

"Nimeambiwa dada mmoja na godoro," Odyek akajibu kutoka juu, sauti imejaa wasiwasi.

"Dada huyo ni mimi, na hakuna aliyeniuliza. Geuza gari, ndugu yangu. Wewe sina ugomvi nawe."

Odyek akamsubiri Wandera aseme neno. Majirani walikuwa wameshatoka milangoni. Wandera alisimama nyuma ya dada yake.

"Nenda," Wandera akasema mwishowe. "Nilikosea."

Alimwambia dereva, si dada yake. Nerima aliliona hilo pia, akaliweka moyoni.

Jumatatu alikwenda saluni na Bi Jannat, akiwa ameshika bega lake. Mteja wa kwanza alipoketi, aliongea na mwenzake kwa sauti ya chini, Nerima akadaka neno moja, kwamba haoni. "Naye mpulira," akamjibu. Lakini nasikia. Mama yule akaguna kwa haya, kisha akaeleza anachotaka, mbio mbio, na Nerima hakuambulia hata nusu. Akamwomba arudie. Akamwomba tena. Mara ya tatu mama yule alirudia kwa chuki, na Nerima akaanza kugawa nywele kwa chuki vilevile. Saa nne baadaye kichwa kilikuwa kimekamilika, na msuko mmoja tu wa nyuma ya sikio ukafumuliwa kwa sababu ulibana.

Wandera alikuwa akimsubiri nje jioni. Hakumshika kiwiko. Akamsogezea bega, akangoja. Nerima akasimama hapo muda, watu wakimpita huku na huku, akijiuliza kama alikuwa tayari kumsamehe. Hakuwa tayari. Lakini barabara ilikuwa pana na magari mengi, akaliwekea mkono, wakavuka bila kusemezana.