Mayi ya Kupokelea Bageni

Ile habari iliingia kwa lupango, kiwanja ya nyumba ya Victorine, asubuhi, na haikutoka tena mu kichwa yake: banasema bantu ya mupango wa mayi beko banakuya, bale banachora mabomba ya muji muzima mpaka wakati batoto ya leo batakuwa bankambo, babu na bibi. Lupango yenye batakuta na mayi ya buchafu, batachora musalaba nyekundu kwa mulango, batafunga kishima, na mwenyewe atahama.

Nani alisema? Nono, muuzaji wa makala ya kupikia, alisikia kwa shemeji yake, na shemeji alisikia mu taxi. Habari yenye imepanda taxi, nani ataishusha?

Bwana yake Godefroid alicheka tu. Akasema musalaba beko nayo tayari kwa ukuta ya salon, pale banakalisha bageni, na kama ni kuhama, bataenda Kasenga kuvua samaki.

Lakini Victorine hakucheka. Kishima yao ilikuwa karibu na choo ya jirani sawa vile beko bandugu. Mvua ikianza, mayi inapata rangi ya chai, na Léa, mutoto wake wa mwisho, anaanza kulia tumbo. Mwaka yenye ilipita alilala hospitali mpaka mama yake akasahau kula. Sasa kama banafukuzwa, bataenda naye wapi?

Bamama ya avenue, ile njia yao, bakapatana kuonyesha bapimaji mayi ya kwingine. Bote bakachota mayi kwa foraji ya parokia, kishima kirefu ya pompi, na kila kishima ikafichwa. Victorine alitandika mukeka juu ya yake, akaanika mahindi. Mama Chama alikalisha mama mukwe wake juu ya mbao ya kishima, na kiti na mwavuli, akamukataza kusimama.

Bageni ya mupango wa mayi bakakuya: Abigaëlle, kijana mwanamuke wa viatu vya matope, na Liévin, mubeba kamashini ya kupima. Bakaomba mayi yenye banakunywa kila siku. Victorine akaleta ile ya parokia mu glasi, sahani chini, akapiga goti kidogo, vile bamama yake bamemufundisha kupokea mugeni. Liévin akapima, akapima tena. Kwa kila lupango ilikuwa vile: mayi safi, na sahani chini.

“Avenue yenu iko na bahati,” Abigaëlle akasema. “Tunaanza na bale mayi yao inagonjwesha batoto. Ninyi, bomba yenu itakuya mwisho ya mupango.”

“Mwisho ni wakati gani?”

“Mama,” akasema, akionyesha Léa na kidole, “huyu mutoto wako atakuwa anazaa.”

Bakaaga. Mama Chama akamuangalia Victorine na macho ya kusema: funga kinywa, tumepona. Victorine akaona musalaba nyekundu kwa mulango. Akaona tena kikombe ya mayi ya rangi ya chai mu mukono ya Léa. Akavuta mukeka, mahindi ikamwangika, kuku ya avenue yote ikakuya karamu. Akatupa ndoo mu kishima, akawakimbilia nayo mpaka kwa gari.

“Muchore musalaba yenu,” akasema. “Lakini mupime hii.”

Abigaëlle akaangalia ile chai. “Musalaba gani, mama?”

Nyuma yao mama mukwe wa Mama Chama akasimama bila ruhusa, akishika kiuno. “Na hii yetu mupime,” akasema. “Matako yangu imeiva.”

Bakapima upya avenue muzima, chini ya mwavuli na matusi ya Mama Chama. Kabla ya kuondoka, Abigaëlle akaahidi kuweka avenue yao kwa mwanzo ya mupango. Lakini mwanzo nayo haiko kesho. Léa anakunywa leo.

Basi mama, epuka hivi:

Kuchimba kishima karibu na choo, hata kama jirani ni ndugu.
Kupatia mutoto mayi ya kishima bila kuchemsha.
Kuamini habari ya taxi kabla ya kuuliza benye kazi.
Kuonyesha mupimaji mayi yenye hunywi.
Kuacha kishima wazi wakati ya mvua.
Kuchotea mu bidon, ao dumu, yenye ilibeba mafuta ya gari.