Maziwa ya Kibuyuni

Watu wa mlimani juu ya Karatina walimwita Moffat Gatimu mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha hata siku moja. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha kahawa. Mwaka wa uhuru, Mzungu mmoja wa Naro Moru alipouza shamba lake na kwenda zake, Gatimu alinunua kwenye mnada kamusi kuukuu isiyo na jalada. Akaisoma kwa miaka miwili kama mtu anayesoma barua ya ndugu aliyepotea. Humo ndimo alimogundua kwamba maneno nayo husafiri. Meza ya jikoni kwa mama yake, ambayo mama aliita metha, jina lake lilitoka kwa Wareno, likashuka pwani, likapanda reli mpaka kwao, wala hakuna aliyelilipia nauli.

Tangu hapo akawa anakusanya. Yakubu wa duka la Majengo alimpa katoni tupu za majani ya chai, naye akazikata kadi. Kila kadi ilikuwa na mistari minne: neno, msemaji, amefundishwa na nani, asili. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Mtu aliulizwa mara tatu, siku tatu tofauti, kwa maana anayeulizwa mara moja hujibu ili kukufurahisha.

Jirani yake aliyejibu vizuri kuliko wote alikuwa Magdaline Watiri, mjane aliyelima ekari nne kando ya mto Ragati pamoja na bintiye Kabura.

"Wee mwalimu, umekuja kukamua tena?" Watiri alikuwa akimwambia akimwona langoni na penseli yake. "Mimi maneno yamekauka. Jaribu mbuzi."

Lakini alijibu. Na siku moja, akimmiminia maziwa ya kibuyuni, alisema, "Kunywa kure, ndiyo hiyo."

Gatimu aliweka kikombe chini. Watu wote wa mlima ule waliita maziwa iria. Alimwuliza mara tatu, siku tatu. Neno alifundishwa na mama mkwe wake. Mama mkwe naye alifundishwa na baba mkwe wake mwenyewe, mzee ambaye hakuna aliyebaki wa kumkumbuka sura. Gatimu akazunguka nyumba tisa za jirani. Hakuna hata moja iliyolijua. Akaandika kwenye mstari wa nne: *Kimaasai: 'kule', maziwa. Neno hili halikuja kwa biashara. Lilikuja na mtu.*

Alijivunia sentensi ile. Aliisoma hata akiwa kazini.

Kwa hiyo Wamae alipomjia, mwaka wa sitini na nane, hakumkuta mtu mgumu. Wamae alikuwa mwenyekiti wa ukoo wa marehemu mume wa Watiri, mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni. Alisema ukoo unataka kuandika historia yake kabla wazee hawajaisha. Alikaa kwa Gatimu mchana mzima, akasoma kadi za sandukuni moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa.

"Kazi kama hii, na sisi tunakuita karani," alisema. "Niazime sanduku kwa wiki moja, mwalimu."

Katika miaka mitatu hakuna mtu aliyewahi kuomba kusoma kadi zile. Gatimu alimfungia sanduku kwa kamba, akamsindikiza nalo mpaka barabarani.

Kikao cha ukoo kilikaa asubuhi ya Jumamosi, kwenye nyasi nyuma ya kanisa. Gatimu aliitwa kama shahidi. Alikuja amepiga pasi shati, akidhani ni mambo ya historia. Alimkuta Watiri amekaa chini peke yake, mbele ya wazee kumi na wawili. Hati za mashamba zilikuwa karibu kutolewa, na ekari zile nne zilihitaji jina.

Wamae alisimama akasoma kadi ya kure. Alisoma mistari yote minne, polepole, kwa sauti nzuri.

"Lilikuja na mtu," alirudia. "Nani huyo mtu? Ni babu ya mume wa huyu mama. Kijana wa kuchunga, aliokotwa wakati wa njaa. Huyo ni muhoi, mtu wa kuomba pa kulima. Muhoi analima, anashukuru, anaenda. Shamba ya ukoo harithi."

"Alichinjiwa kondoo!" Watiri alisema. "Alizaliwa upya mbele ya ukoo, akawa mtoto wenu. Mama mkwe aliniambia hata rangi ya kondoo."

"Nani alimwona huyo kondoo?"

"Walioona wamekufa."

"Kondoo pia amekufa," mzee mmoja alisema, na kicheko kikazunguka. Mwingine akauliza kama Kabura ameshanunuliwa shuka nyekundu.

Watiri alimgeukia Gatimu. "Mwalimu, waambie kuhusu kondoo."

Gatimu alisema, "Hukuniambia."

"Hukuniuliza," alisema Watiri. "Miaka yote hiyo, ulikuwa unauliza neno tu."

Gatimu alisimama. Alisema neno si damu. Alisema hata jina Ngai, ambalo wazee wale walilitumia kufungua kikao kwa sala, wenye elimu wanasema Wakikuyu walilipata kwa Wamaasai.

"Basi mwandikie Mungu kadi," Wamae alisema, "tumnyang'anye shamba na yeye." Alingoja kicheko kiishe. Kisha akashusha sauti, karibu kwa huruma. "Sisi si wasomi, mwalimu. Tunauliza kitu moja. Hii kadi ni mkono wako?"

"Ni wangu."

"Iko na makosa? Ukisema uliandika vibaya, tunaichana sasa hivi, mama anaenda nyumbani kupika. Ni kweli ama ni uongo?"

Watiri alikuwa akimtazama. Hakusihi, alitazama tu, kama mtu anayengoja jirani amfungulie lango. Gatimu aliiona kadi mkononi mwa Wamae, mwandiko wake ulionyooka. Alikumbuka siku tatu, nyumba tisa, na viatu alivyomaliza soli.

"Ni kweli," alisema.

Kabla ya mahindi kukomaa, uzio wa ekari zile ulihamishwa. Mahindi aliyavuna mtoto wa Wamae.

Watiri alipanga chumba Naro Moru, nyuma ya bucha, akawa anauza viazi kwa debe kando ya barabara ya Nanyuki. Gatimu alimfuata huko na kilo mbili za sukari. Kabura alimletea chai, na Gatimu, asijue mikono yake aiweke wapi, akauliza wanayaitaje maziwa ya ile chai.

"Maziwa," Watiri alisema.

Akarudi mwezi uliofuata, akauliza.

"Maziwa," alisema Kabura, bila kugeuka.

Mara ya tatu Watiri alikuwa akimpimia mteja viazi. Alipomaliza alijifuta mikono kwa leso, akakaa mbele yake kwenye debe lililopinduliwa.

"Maziwa," alisema kabla hajaulizwa. "Sasa ni mara tatu. Toa kadi yako."

"Mama Kabura, sikuja kwa—"

"Toa. Kazi nzuri haiachwi katikati." Alingoja mpaka penseli ikatoka. "Andika neno. Andika msemaji, Magdaline Watiri wa Naro Moru. Haya, kuna swali lako lingine. Niulize."

Gatimu hakuinua macho. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama alivyouliza watu mia nne kabla yake.

"Umefundishwa na nani?"

"Na wewe," alisema Watiri. "Andika."