Sureau ya Mama Mado

Nyumba ya Mama Mado, kule Katuba, haikuzoea kimya. Mwenye habari alipita kuimwaga, asiye nayo alipita kuichota. Lakini wiki hiyo viti vilikaa bure, na Mado alijua sababu.

Binti yake Lydie alimtumia kutoka Ubelgiji pakiti ya matunda meusi makavu, madogo kama pilipili manga, yanayoitwa sureau, ya kutuliza kikohozi. Mado hakuuliza mtu. Aliyafanya kama mizizi yote ya sokoni: akatwanga, akaloweka kwa maji baridi kutwa nzima, kwa sababu mtaani kila mtu anakwambia moto unaua nguvu ya dawa. Kikombe cha kwanza akampa rafiki yake Agnès, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akikohoa. Agnès alitapika mchana kutwa, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unasema Mado anawanywesha watu sumu ya Wazungu.

Lydie, kwa simu, alicheka kwanza, kisha akamkaripia mama yake: sureau isiyopikwa inavuruga tumbo, lazima ichemke vizuri.

Jumamosi Mado akatoa mbabula yake, jiko la makaa, nje ya lango, penye macho ya watu, akaijaza makala. Agnès asipokunywa leo, viti vitabaki hivyo hivyo. Sufuria ya sureau na tangawizi ikachemka muda mrefu, maji yakawa zambarau nzito, harufu ya tangawizi ikaenda mlango kwa mlango. Akachuja kwa kitambaa safi, akaacha ipoe, akatia asali. Watu wakasimama mbali kidogo, wakinong'ona. Agnès naye akaja na kikohozi chake.

"Yaya Mado," akamwita kama dada yake mkubwa, "leo unaniua kabisa?"

"Ile siku ni mimi nilikosea, haikuwa dawa. Leo iko imeiva. Angalia."

Mado akanywa mbele ya wote, akajifuta mdomo, akajaza kikombe kingine.

Agnès akakinusa, akakizungusha, akanywa. Akavuta kiti. Wengine nao wakaingia uani, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kumwona akitapika. Katika kungoja wakaanza kuisengenya harusi ya Kipushi, bwana harusi alivyochelewa na ndugu zake walivyokula bila yeye. Viti vikaisha, watu wakakalia ndoo.

Jua liliposhuka, Agnès akashika tumbo. Wote wakasogea kuona.

"Mado," akasema, "bukari iko? Njaa inaniuma."

Mado alikuwa ameshabandika sufuria kubwa ya ugali.