Nusu Hatua ya Tate

Kwa mara nyingine katika mechi ile ya shule, ya futiboli ya Kimarekani, Coy Renfro alijibamiza kwenye makalio ya mwenzake, akaanguka chali, na jukwaa zima la Dorrance, timu yake mwenyewe, likamzomea yeye. Hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

Kosa halikuwa lake. Kocha alikuwa ameagiza wamvamie mrusha mpira wa Halsted, wapinzani wao, na uvamizi ule haukuwa na ugumu wowote. Tate Stovall, jibaba la safu ya mbele, alitakiwa asimame kwenye bega la nje la mlinzi wa Halsted aliyemkinga mrusha mpira huyo. Mlinzi angemfuata huko nje, pengo lifunguke ndani, na Coy, anayesimama nyuma ya Tate, apenye hapo mpaka kwa mrusha mpira. Lakini Tate kila mara alijisogeza nusu hatua ndani, akaliziba pengo lenyewe. Kutoka pale njia ya kumfikia mrusha mpira ilikuwa fupi, na alitaka amwangushe yeye mwenyewe, si Coy.

Kelele za mechi za Ijumaa usiku humeza sauti, kwa hiyo wa nyuma humpiga wa mbele kofi la nyonga: sogea huku. Coy alikuwa amempiga makofi mpaka kiganja kikamuuma. Tate alijifanya gogo.

Na leo, jukwaani, alikuwepo msaka vipaji wa chuo, mtu pekee aliyewahi kuulizia habari za Coy. Akimkosa huyo, kilichombakia ni kiwanda cha kuchambulia pamba, kando ya baba yake.

Wakati wa mapumziko, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alimvaa Machacek, kocha wa ulinzi.

"Kocha, Tate ananizibia! Mwambie asimame nje!"

"Punguza sauti, kijana."

"Si umeona mwenyewe?"

Machacek alitupa jicho mlangoni, alikosimama kocha mkuu, baba yake Tate. "Wewe ndiye unachelewa kutoka, Coy. Wahi."

"Niwahi wapi? Kwenye matako yake?"

Wenzake waliangua kicheko. Coy aliibamiza helmeti ukutani. Mtu mzima anaujua ukweli, anaumeza mbele yako mchana kweupe, halafu anakwambia uwahi!

Mwishoni kabisa, Dorrance wakiongoza kwa pointi chache, Halsted walibakiwa na jaribio moja tu la kusogeza mpira. Machacek akaashiria wavamie. Coy alimpiga Tate kofi, basi tu, bila matumaini.

Tate akasogea. Nje, begani, mahali pake hasa. Mlinzi akamfuata, na Coy akapita pengoni bila kuguswa hata jezi. Alimkumba mrusha mpira, mpira ukaponyoka, mechi ikaisha.

Watu walimwagika uwanjani. Tate alimjia akicheka.

"Umeona, mwanangu? Tumewamaliza!"

"Kumbe unajua kusimama pale."

"Najua tangu utotoni, bwana."

"Sasa mbona mechi nzima umeniziba?"

"Yule mzee wa chuo si alikuwa anaangalia? Ameondoka muda si mrefu, kamwambia baba atanipigia simu." Tate akafuta jasho. "Sasa nijibane kule ndani nimwonyeshe nani?"

Coy alikunja ngumi, lakini umati ulishamfikia. Walimnyakua juu juu, wakiliimba jina lake.

"Nishusheni!" alifoka, machozi ya hasira yakimtoka. Tate, aliyekuwa ameshika mguu mmoja, akazidi kumwinua.