Godoro Lenye Alama ya Pasi

Miaka ishirini na sita nimeingia nyumba za watu na kalamu mkononi, na vijana wanaoanza kazi hii ya ustawi wa jamii huniuliza ni ziara ipi sijaisahau. Wanataka ile ya mbwa aliyenikimbiza. Ipo, na nilikimbia kweli, viatu mkono huu na faili mkono huu. Lakini inayoninyima usingizi ni ya godoro.

Lilikuwa godoro jembamba la sifongo, na pembeni palikuwa na alama ya pasi, pameungua rangi ya kahawia. Nililikuta chumbani kwa bibi aliyekuwa akiwafulia watu nguo na kuzipiga pasi. Alimlea mjukuu wa miaka saba, mtoto wa binti yake marehemu. Mtaa mzima ulimwita mtoto huyo Chiriku, maana akianza kusema hamalizi. Kazi yangu ilikuwa kuamua kama abaki kwa bibi au apelekwe makao ya watoto. Fomu iliuliza: mtoto ana godoro lake? Nikalibonyeza, nikajaza ndiyo.

"Mungu akubariki, mwanangu," bibi akasema, akashusha pumzi.

Siku mbili baadaye niliingia chumba kinachotazamana na cha bibi, kwa fundi cherehani aliyejifungua mapacha. Alikuwa amekaa kwenye godoro, ananyonyesha. Pembeni, alama ya pasi.

"Hili si la bibi?"

"La wote, dada. Leo zamu yangu. Jana lilikuwa kwa mzee wa chumba cha mwisho, mgongo umemshika tena. Juzi ndiyo ilikuwa zamu yangu, nikabadilishana na bibi kwa sababu unakuja. Kwani wewe ukipata mgeni humtandikii?"

Hakuona haya hata kidogo. Mimi ndiye niliyejiona nimechezewa. Ofisini nilikuwa na sifa ya kutodanganyika, na sifa hiyo niliipenda kuliko chakula. Mwenye macho haambiwi tazama, nikajipongeza. Nikafuta ndiyo, nikaandika hapana, na chini nikaongeza kwamba mlezi aliazima godoro ili kumhadaa afisa. Kuazima ni kweli aliazima. Kuhadaa nilikuongeza mimi.

Wiki iliyofuata nikaenda kumchukua mtoto. Bibi hakupiga kelele. Alipiga pasi gauni, akamvisha mjukuu wake likiwa bado na joto, kisha akanigeukia.

"Nimemlaza njaa? Nimempiga?"

Nikamwambia ni utaratibu.

"Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake," fundi akasema mlangoni, pacha mmoja begani, na hakuwa akitania.

Chiriku aliongea mpaka kwenye gari. Mlango ulipofungwa akanyamaza.

Baada ya wiki tatu nilikwenda makao kumwona. Mlezi wa bweni akaniambia mtoto hagusi kitanda, kila asubuhi anakutwa sakafuni. Nikakaa naye hapo chini.

"Mbona hulali kitandani, mama?"

"Leo zamu ya nani?"

"Hapa hakuna zamu. Ni chako siku zote."

Akalitazama godoro jipya la kitanda chake.

"Nikilichukua siku zote, babu mwenye mgongo atalala wapi?"

Niliona aibu, ile ya kuchoma masikio. Nikarudi ofisini nikaandika mtoto arudishwe nyumbani. Mkuu wangu akasoma akauliza, "Kimebadilika nini kule?" Hakuna kilichobadilika isipokuwa mimi, na mimi sikuwa na kipengele kwenye fomu. Akasema bila godoro la mtoto mwenyewe hatii sahihi. Kuwanunulia tunaowahudumia kitu kwa mfuko wetu kulikuwa marufuku, na mimi, mshika sheria, nilishika na hiyo. Nikaenda kumweleza bibi ilivyo.

Siku ya tatu wakaja ofisini wote: bibi, fundi, na mzee wa chumba cha mwisho akitembea amejipinda. Fundi alikuwa na godoro kichwani. Wakaliegemeza kwenye meza yangu.

"Tumelitoa," mzee akasema. "La Chiriku peke yake. Andika."

"Na mgongo wako, baba?"

"Nimesema andika."

Nikaandika ndiyo. Chiriku akarudi kwao Ijumaa ile.

Mwezi uliofuata nikapita kufuatilia. Mtoto alikuwa anaongea tena, hata kunisalimia alichelewa kwa maneno. Godoro lilikuwa limetandikwa kwa bibi, alama ya pasi palepale. Mlango wa fundi ulikuwa wazi, nikawaona mapacha wamelazwa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa.

"Bibi," nikasema kwa sauti ndogo, "rudisheni zamu yenu. Mimi sitaandika kitu."

Akalinyoosha shuka bila kunitazama.

"Hapana, mwanangu. Wewe unaweza kuja siku yoyote."